Vifaru wawili, chura wa bwawa na bongo wa Eburru: wanyama wa kizimbani kwenye jukwaa la siasa

Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyotoa kwa vijana wenzangu hapa Kikopey, kwenye mfululizo wetu wa kufafanua hoja zinazorudi rudi katika mijadala ya siasa. Nimeyakata vipande ili yasomeke kwenye simu. Sheria yetu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunashika hoja, tunaigeuza upande huu na ule, halafu kila mtu anaenda nayo nyumbani akaamue mwenyewe.

1. Hoja inavyokuja

Msimu wa kampeni mtasikia mgombea akiuliza, "Watu wanalala njaa, na kifaru analindwa kwa bunduki usiku na mchana. Hii ni haki kweli?" Makofi. Wiki inayofuata kuna wageni na kamera, na mgombea anasema wanyama wetu ni urithi wetu, tutawalinda kwa hali na mali. Makofi tena. Enyewe, wakati mwingine ni mtu yule yule.

Mimi nasomea sayansi ya siasa. Si daktari wa wanyama. Lakini kadiri ninavyosoma habari za wanyama waliobaki kizimbani tu, ndivyo ninavyoona kwamba hili ni somo letu. Mnyama hafiki hapo kwa bahati mbaya. Nyuma yake utakuta vita, bajeti iliyokatwa, mradi uliopitishwa haraka, mpaka uliosogezwa, au mkutano ambapo mtu alisema "tungoje kidogo".

Ninachotaka kuwaambia leo ni hiki: kizimba hununua muda, basi. Kinachomrudisha mnyama nyumbani ni ardhi, maji, amani na pesa za kila mwaka. Na hivyo vinne vyote huamuliwa na siasa. Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani akazungumzia mnyama bila kugusa hata kimoja kati ya hivyo vinne, jueni anawaimbia tu.

2. Tuelewane kwanza juu ya maneno

Kuna kutoweka, na kuna kutoweka porini. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili, IUCN, una orodha ya viumbe walio hatarini, na kwenye orodha hiyo ngazi hizi mbili hutenganishwa. Aliyetoweka amekwisha kabisa. Aliyetoweka porini bado anapumua, ila yuko kwenye bustani ya wanyama, kwenye maabara au ndani ya uzio unaolindwa, na pale alipozaliwa babu yake hapatikani tena.

Hapa Kikopey tunajua mbuzi. Magari yanasimama hapa mchana na usiku kwa sababu ya mbuzi, na kwa mwaka tunachinja wengi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Mbona mbuzi haishi? Kwa sababu mbuzi ana mwenyewe. Anayemfuga anataka kesho awe na wengine. Kifaru wa porini ni wa wote, na cha wote mara nyingi hakina mlinzi. Soko la mbuzi linamzidisha mbuzi. Soko la pembe linammaliza kifaru. Ndiyo maana mnyama wa porini anahitaji serikali kwa namna ambayo mbuzi haihitaji.

3. Vifaru wawili wa Laikipia

Ukitoka hapa ukashika Gilgil, Ol Kalou, Nyahururu, mpaka upande wa Nanyuki, utafika hifadhi ya Ol Pejeta. Ndani yake kuna eneo la ekari 700 lililozungushiwa uzio, na humo wanaishi Najin na Fatu, mama na bintiye. Najin alizaliwa 1989, Fatu 2000, wote kwenye bustani ya wanyama ya Dvůr Králové huko Jamhuri ya Cheki. Hao wawili ndio vifaru weupe wa kaskazini pekee waliobaki duniani. Dume hakuna. Yule wa mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa tarehe 19 Machi 2018 akiwa na miaka 45.

Wengi hudhani kifaru huyu ni wa kwetu. La. Wale weupe mnaowaona Ziwa Nakuru ni wa kusini, wametokana na wale wa Afrika Kusini. Huyu wa kaskazini kwao ni kaskazini magharibi mwa Uganda, Sudan ya kusini, Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Kenya ni mlezi tu. Sudan mwenyewe alikamatwa mwaka 1975, akiwa bado mdogo, huko kusini mwa nchi aliyopewa jina lake.

Mwaka 1960 walikuwa takriban 2,000. Kufikia 1984 walikuwa wamebaki kama 15, wote katika mbuga ya Garamba, kaskazini mashariki mwa Kongo. Katikati hapo kulikuwa na nini? Pembe iliyopanda bei, na vita. Tazameni tena orodha ya nchi zake: karibu zote zilipitia vita vya ndani kipindi hicho. Serikali inapoyumba, askari wa wanyamapori huwa kati ya wa kwanza kukosa mshahara, na bunduki huwa kitu rahisi kupatikana kuliko unga.

Sasa hapa kuna jambo ambalo watu hawalisemi. Baada ya 1984 kazi ilifanyika Garamba, na idadi ikarudi juu hadi karibu 30 kufikia 2003. Iliwezekana. Halafu majangili wenye silaha wakaingia kwa nguvu, na katika miaka miwili wakabaki wachache wa kuhesabika kwa vidole. Januari 2005 serikali ya Kongo ikakubali mpango wa kuhamisha watano waje Kenya wakalindwe mpaka hali itulie. Siasa ikawaka huko. Mali ya taifa inapelekwaje nchi nyingine? Mpango ukakwama. Utafutaji wa mwaka 2008 haukumpata hata mmoja.

Tusiwacheke Wakongo. Hoja yao ilikuwa na mizizi. Nchi ambayo pembe za ndovu, mpira na madini vyake vilibebwa na wageni kwa zaidi ya karne ina kila sababu ya kuogopa mtu anayekuja na lori akisema "nipe, nitakuwekea". Hata sisi tungepiga kelele. Lakini hoja hiyo ilihitaji nusu ya pili: kama hawaendi, basi tunawalindaje hapa, kwa askari wangapi, kuanzia lini? Nusu hiyo haikutimia. Bendera ilishinda mjadala, kifaru akaisha.

Desemba 2009 ndipo vifaru wanne wakaletwa Ol Pejeta kutoka Cheki: Sudan, Suni, Najin na Fatu. Tumaini lilikuwa kwamba wakionja nyasi na jua la Afrika watazaana. Haikuwa. Suni alikufa Oktoba 2014, Sudan akafuata. Najin miguu yake ya nyuma ni dhaifu, Fatu tumbo lake la uzazi lina tatizo. Hakuna anayeweza kubeba mimba.

Kwa hiyo sasa kazi iko maabara. Tangu Agosti 2019 madaktari wamekuwa wakitoa mayai, na tangu 2021 ni ya Fatu peke yake. Mayai hayo hupelekwa Italia, yanachanganywa na mbegu zilizogandishwa za madume waliokwisha kufa, na viinitete vinavyopatikana vinahifadhiwa kwenye baridi kali huko Italia na Ujerumani. Kufikia 2024 vilikuwa takriban 30. Mpango ni kuvipandikiza kwa majike wa kusini wavibebe. Januari 2024 ilitangazwa kwamba kwa mara ya kwanza kiinitete cha kifaru wa kusini kilichopandikizwa kilishika mimba, ila jike yule alikufa kwa maambukizi ya bakteria baada ya mvua kubwa, mimba ikiwa na siku 70 hivi. Njia imeonekana. Ndama bado.

4. Chura wa Kihansi

Tuvuke mpaka, twende Tanzania. Milima ya Udzungwa ina korongo la mto Kihansi. Maji yalikuwa yanaporomoka kwa nguvu hadi yanatoa ukungu usiokatika, na kwenye manyunyu yale, eneo la hekta mbili hivi tu, alikuwa akiishi chura mdogo wa manjano, anayetosha juu ya ukucha wa kidole gumba. Hatagi mayai, anazaa watoto walio hai. Hakuwa mahali pengine popote duniani.

Aligunduliwa mwaka 1996. Shida ni kwamba ujenzi wa bwawa la umeme, megawati 180, ulikuwa umeshaanza. Mradi ulipowaka, karibu maji yote yakaelekezwa kwenye mitambo, na ukungu ukakatika. Mwishoni mwa 2000 wataalamu wakachukua vyura 499 wakawapeleka bustani ya Bronx, New York. Korongoni wakafunga vinyunyizio, mabomba yanayorusha manyunyu kama yale ya shamba la maua kule Naivasha. Vyura waliobaki wakaanza kupanda, halafu mwaka 2003 wakaanguka ghafla; ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani kote ulikutwa pale. Mwaka 2009 akatangazwa rasmi kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 mia moja wakarudishwa Dar es Salaam kwa ndege, wakalelewa chuo kikuu, na Desemba 2012 vyura 2,000 wakaachiliwa korongoni kwao.

Jukwaani hoja hii huja hivi: umeme au chura? Ukiulizwa hivyo, umeshashindwa. Mama anayejifungua hospitalini gizani anataka umeme, na ana haki. Lakini swali halikuwa hilo. Swali lilikuwa: je, utafiti wa mazingira unafanywa kabla ya kuchora bwawa, au baada ya saruji kumwagwa? Ungefanywa mapema, mngejua kiasi gani cha maji kiachwe kipite, na mngeweka gharama hiyo ndani ya bei ya mradi. Kwa kuwa ulichelewa, Tanzania ilipata umeme, na pia ikapata mzigo wa vinyunyizio, maabara na ndege. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unajengwa upya kila mwaka.

Hapa kwetu kila mradi mkubwa unatakiwa uwe na tathmini ya athari kwa mazingira. Ni sheria. Kwa hiyo mkiitwa kwenye kikao cha wananchi kuhusu barabara, kiwanda au bwawa, swali la kwanza liwe: ripoti iko wapi, na iliandikwa lini?

5. Choroa wa Oman, na kwa nini anatuhusu Elmenteita

Kuna mtu ataniambia, "Sawa, wakirudishwa si mambo yameisha?" Ngoja nikupeleke Uarabuni.

Choroa wa Arabuni, yule mweupe mwenye pembe mbili ndefu zilizonyooka, aliwindwa jangwani mpaka wa mwisho wa porini akaisha mwaka 1972. Waliokuwa wamehifadhiwa kwenye bustani za wanyama walizalishwa, na mwaka 1982 Oman ikaanza kuwaachilia tena jangwani. Wakalindwa na Waharasis, wafugaji wa eneo lile, walioajiriwa kuwa walinzi. Mwaka 1994 UNESCO ikaliweka eneo hilo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kufikia 1996 choroa walikuwa 450. Hadithi nzuri kabisa.

Halafu ujangili ukarudi, safari hii wa kuwakamata wakiwa hai na kuwauza. Na serikali ikaamua kulipunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90 ili kutafuta mafuta na gesi. Kufikia 2007 choroa walibaki 65. Mwaka huo UNESCO ikaliondoa eneo kwenye orodha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahali popote kuondolewa.

Kwa haki niseme pia: mnyama mwenyewe hakuisha. Anaishi leo katika nchi kadhaa za Arabuni, na mwaka 2011 alikuwa wa kwanza kati ya waliowahi kutoweka porini kupanda ngazi tatu nzima. Kazi ya kizimba ilifaulu. Kilichofeli pale Oman ni ardhi.

Kinatuhusu nini? Ziwa letu hapa chini, Elmenteita, liko kwenye orodha hiyo hiyo tangu 2011, pamoja na Nakuru na Bogoria. Mwari wanaozaliana kwenye visiwa vyake hawamjui mbunge wala gavana. Jina la ziwa kuwa kwenye orodha halijengi ukuta. Oman ilikuwa kwenye orodha pia.

6. Bongo wa kwetu

Sasa turudi nyumbani kabisa. Bongo. Simaanishi Dar. Bongo wa milimani ni mnyama wa familia moja na tandala, mwekundu wa kahawia, mwenye mistari myeupe ubavuni, na anaishi misitu ya Kenya tu: Mlima Kenya, Nyandarua, Mau, na huu mlima tunaouona kusini kila asubuhi, Eburru. Porini wamebaki chini ya 100. Kwenye vizimba na bustani za wanyama, kwetu na ng'ambo, wako wengi zaidi ya hao. Yaani tayari mzani umeshaanguka upande wa kizimba.

Waliisha vipi? Sotoka ya miaka ya 1890 iliyoua ng'ombe wetu iliwapiga na wao. Kisha mbwa wa kuwinda, mitego ya waya, na msumeno. Wengi wa wale walioko Amerika ni uzao wa bongo waliokamatwa kwenye milima yetu miaka ya 1960 na 1970. Januari 2004 wakarudishwa 18 kwa ndege, wakawekwa Nanyuki. Mwaka 2022 wale waliozaliwa huko wakaanza kuachiliwa, kidogo kidogo, kwenye hifadhi ya Mawingu kando ya msitu wa Mlima Kenya. Februari 2025 wakaja wengine 17 kutoka Florida.

Mkitazama hadithi zote nne kwa pamoja, bongo ndiye pekee ambaye tunaweza kumshinda muda. Kifaru wa kaskazini tunamtafuta kwenye chupa. Chura anaishi kwa manyunyu ya mabomba. Bongo bado ana msitu, na huko ndani bado kuna wenzake wachache wanaojua njia za maji na majani ya kula. Eburru imezungushiwa uzio wa umeme wa zaidi ya kilomita 40 tangu 2014. Ukipotea msitu wa Eburru, mvua yetu na maji yetu ya Elmenteita yako matatani pia. Kumlinda bongo hapa na kulinda bomba la maji la mama yako ni kazi ile ile.

7. Haya, pesa

Turudi kwa yule mgombea wa kwanza, wa njaa. Simdharau. Swali lake ni halali, na kuna hata wanasayansi wanaouliza linalofanana nalo: pesa za viinitete vya kifaru mmoja zingeokoa wanyama wangapi ambao bado wako porini? Wengine wanawajibu kwamba pesa zile zinatoka kwa wafadhili waliovutiwa na kifaru huyo huyo, hazingehamia kwa chura, na ujuzi utakaopatikana utawafaa wengi baadaye. Mimi niko hapa: kama pesa ni za umma, bongo kwanza, kwa sababu bado ana kwao. Kama ni za mfadhili, twende, ila mkataba usomwe.

Mkataba wa nini? Viinitete viko Ulaya. Mama zao wako Kenya. Asili yao ni Kongo, Sudan na jirani zake. Siku ndama akizaliwa, ni wa nani? Na ujuzi, na picha, na jina? Katiba yetu, Ibara ya 69, inaitaka serikali ilinde rasilimali za vinasaba na anuwai ya viumbe. Hilo ni swali la mbunge kuuliza bungeni, na si la kungoja mpaka ndama asimame.

Halafu kuna upande ambao wapenda wanyama hawapendi kuusikia. Anayelipa gharama ya mnyama ni nani? Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia: hadi shilingi milioni 5 mtu akiuawa na mnyama, milioni 3 akipata ulemavu wa kudumu. Kwenye karatasi ni nzuri. Lakini jirani yetu mmoja alipoteza kondoo usiku mmoja kwa chui, akaandika maelezo, akapeleka, akaambiwa arudi. Amerudi mara nyingi mpaka nauli imezidi bei ya kondoo mmoja. Mzee kama huyo ukimwambia "urithi wetu", atakuuliza wetu na nani.

Na tusisahau ardhi hii ina kumbukumbu. Mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa kwenye bonde hili, wakasukumwa Laikipia, na baada ya mkataba wa 1911 wakaondolewa Laikipia pia ili walowezi wapate nafasi. Baadhi ya mashamba yale leo ni hifadhi. Kwa hiyo mtu akiuona uzio, haoni mnyama peke yake; anaona pia babu yake alipotolewa. Mwanasiasa anayepuuza hilo hatafanikiwa kulinda kitu. Na mwanasiasa anayelitumia kuchochea watu kuingia na mifugo, halafu yeye mwenyewe halali nje nao, anajulikana. Hatumtaji.

8. Nani aulizwe nini

Makosa mengi ya mijadala yetu ni kumuuliza mtu asiyehusika. Kulinda wanyamapori, kwa Jedwali la Nne la Katiba, ni kazi ya serikali ya kitaifa. MCA akikuahidi kifaru, mwambie asante, endelea. Lakini mipango ya matumizi ya ardhi ni ya kaunti. Njia za wanyama zinapokatwa vipande vya hamsini kwa mia moja na kuuzwa, hapo gavana na bunge la kaunti wanahusika moja kwa moja.

Basi nendeni na maswali manne.

Kwa mbunge: mwaka jana ulipitisha shilingi ngapi kwa askari wa wanyamapori, na ngapi kwa fidia? Taja tarakimu.

Kwa gavana: mpango wa ardhi wa kaunti unaonyesha njia za wanyama? Ramani iko wapi tuione?

Kwa yeyote anayeleta mradi: utafiti ulitangulia au ulifuata?

Kwa mgombea yeyote anayesema "nitawarudisha": warudi wapi? Akitaja msitu au korongo kwa jina, akasema maji yanatoka wapi, nani analinda na nani analipwa, mpeni sikio. Akitaja tu kizimba, mwambieni kizimba tunacho tayari.

Tarehe nazo mzijue. Kaunti hupeleka mkakati wake wa fedha bungeni ifikapo 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo 30 Aprili. Kabla ya hapo kuna vikao vya wananchi. Vikao hivyo mara nyingi wanajaa wazee wanne na karani, kwa sababu sisi tuko hapa kwenye simu tukibishana kuhusu nani alimjibu nani.

Kikao kijacho cha bajeti kikitangazwa upande wa Gilgil nitaweka tarehe na mahali hapa hapa. Atakayefika aje na swali moja lililoandikwa kwenye karatasi. Swali la karatasi huingia kwenye kumbukumbu za kikao. La kupiga kelele huishia mlangoni.

Mfululizo ujao: maji ya maziwa yetu kupanda, na ahadi zinazotolewa kwa waliohama.